Akinyi, vua soksi uangalie miguu

Mwanangu Akinyi,

Jana uliponiambia kwamba choo kimeanza tena kuwa na damu, nilikuuliza habari ya miguu ukanyamaza. Mwaka jana pia ulinyamaza hivyo. Nami niliyaona yale madoa ya zambarau kwenye muundi wako, nikadhani umejigonga, nikakukanda kwa maji moto jioni tatu mfululizo. Hilo bado linaniuma.

Ni daktari aliyetueleza. Utumbo ukichachamaa kwa hiyo kolaitisi, yaani huo ugonjwa wako wa uvimbe wa utumbo mpana, mambo hayaishii tumboni. Damu nayo huwa rahisi kuganda. Mara nyingi bonge hukaa kwenye mishipa mikubwa ya mguu. Kwako iliziba mishipa midogo midogo ya ngozi, ngozi ikakosa damu, ikawa nyeusi, ikachimbika kidonda.

Unakumbuka shangazi yako alivyowaka wodini ulipodungwa heparini? "Mtoto anatokwa damu, nanyi mnampa dawa ya kuzuia damu isigande!" Kusema kweli, nami nilikuwa upande wake. Daktari akavuta kiti, akatuambia kwamba mwenye ugonjwa huu yuko kwenye hatari ya damu kuganda mara 2 hadi 3 kuliko mtu mwingine, na hatari hupanda zaidi siku za kuzidiwa na kulala kitandani. Damu inaweza kutoka tumboni huku inaganda mguuni. Hapo ndipo nilipoacha kubishana.

Basi leo jioni vua soksi. Ngozi yetu haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo usitegemee macho. Pitisha kiganja, usikie penye joto, penye ugumu, panapouma. Ukikuta doa jipya usiliminye, wala mtu asilikate kabla daktari wa tumbo hajaliona, maana vidonda vingine vya ugonjwa huu vikikatwa hupanuka. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, usisafiri. Nenda hospitali hapo hapo Nakuru siku hiyo hiyo. Pumzi ikikukata ghafla au kifua kikikuchoma, usinipigie mimi kwanza. Mwamshe mwenzako wa chumbani mwende, hata kama ni usiku wa manane.

Miguu ikiwa salama, panda matatu Alhamisi, kliniki ni Ijumaa. Mtihani utaufanya baadaye, nitazungumza na mwalimu wako. Kunywa maji njiani hata kama unaogopa kusumbuliwa na choo, na mkisimama Kericho shuka utembee kidogo.

Nitakungoja steji. Vaa sketi, nataka kuiona hiyo miundi kabla hatujafika nyumbani.

Mama yako