Muuzaji wa pombe uwanja wa ndege amuulize abiria anakoishia

Mhariri,

Kila msimu wa likizo, mapipa ya ukaguzi kwenye viwanja vya kuunganishia ndege hujaa chupa za wiski ambazo hazijafunguliwa. Wenyewe wamezinunua kihalali na risiti wanazo. Sisi tulio kwenye kazi za usafiri wa anga tunasema lawama nyingi anatupiwa mkaguzi, ilhali kosa limeanzia kaunta ya duka lisilotozwa ushuru.

Muuzaji huomba pasi ya kupandia ndege. Pasi hiyo mara nyingi inaonyesha safari inayofuata tu, tuseme Dar es Salaam hadi Addis Ababa. Haimwambii kwamba mteja anaendelea hadi Toronto na huenda akakaguliwa upya njiani, mahali ambapo kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti mkononi. Kinachoiokoa chupa ya lita 1 ni ule mfuko maalumu wa plastiki angavu wenye mpaka mwekundu, ambao ukishafungwa haufunguki bila kuacha alama. Risiti nayo ikae ndani, isomeke kwa nje. Chupa ikitiwa kwenye mfuko wa kawaida wenye nembo ya duka, au risiti ikabaki mfukoni mwa suruali, imeshapotea hapo hapo.

Umoja wa Ulaya unaikubali mifuko hiyo kutoka viwanja vya nje tangu Januari 2014, ingawa nayo hukaguliwa. Marekani inaikubali kwa anayeingia kutoka nje na kuunganisha ndege, mradi saa 48 hazijapita tangu anunue. Ila kwa Marekani kuna njia nyepesi zaidi: kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia unachukua begi lako kubwa, unapita forodha, kisha unalikabidhi tena. Wakati huo chupa iingize humo, katikati ya nguo. Pombe yenye kileo cha zaidi ya asilimia 24 mpaka 70 mwisho ni lita 5 kwa mtu, ikiwa kwenye chupa za kiwandani ambazo hazijafunguliwa. Inayozidi asilimia 70 haipandi ndege kabisa. Gongo ya kwenye chupa ya maji isahau.

Wengine huiharibu chupa yao wenyewe angani. Mtu anachana mfuko ili aonje kidogo, na kituo kinachofuata ananyang'anywa yote. Tena kunywa pombe uliyopanda nayo ni marufuku kwenye mashirika mengi. Marekani ni kanuni ya serikali kwamba unywe tu uliyohudumiwa na shirika. Mhudumu hawezi kupima ulevi wa mtu ambaye hajui amekunywa kiasi gani. Hewa ya ndani ya ndege inaweza kuwa nyepesi kama ya mahali palipo mita 2,400 juu ya bahari, juu kuliko Nairobi. Watafiti wa Ujerumani waliochapisha matokeo yao mwaka 2024 waliwapa vijana wenye afya njema kiasi cha bia mbili na kuwalaza katika hewa ya namna hiyo. Oksijeni ya damu ilishuka hadi karibu asilimia 85. Mgonjwa wa moyo au mapafu apime mwenyewe. Na kwa sheria ya Uingereza, kulewa ndani ya ndege kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 2.

Ghuba ndiko wengi wanakokwama. Uwanja wa Hamad mjini Doha unauza pombe kwa wanaopita, lakini Qatar hairuhusu msafiri kuingia nayo nchini. Mwenye kusubiri saa nyingi akaamua kutoka kwenda hotelini ataiacha forodha. Saudi Arabia na Kuwait zinakataza kuiingiza, na ndege za mashirika yao hazihudumii pombe. Anayepitia huko asinunue chochote kabla.

Kwa anayerudi nyumbani, Jumuiya ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru wa lita 1 ya pombe kali, au lita 2 za mvinyo, kwa mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Chupa ya pili itaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Ombi letu kwa wenye maduka ni dogo: kabla ya kupokea pesa, keshia amuulize mteja, "Unaishia wapi, na unapitia wapi?" Akisikia Jeddah, amshauri anunue manukato.

Wadau wa usafiri wa anga,
Dar es Salaam