Upepo wa Singida tusiuhesabu kwa megawati peke yake

Ndugu Mhariri,

Umeme wa upepo wa Singida na Makambako umezungumzwa miaka mingi, na kila unapotajwa hutajwa kwa megawati. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka mitambo hiyo isimame, tena mapema. Ninachoomba ni kwamba mikataba isisainiwe kabla suala la volti halijajadiliwa kwa uzito uleule wa bei ya uniti.

Ni fundi friji hapa Tabata. Kompresa zilizoungua zinazoletwa kwangu, nyingi zina historia moja. Jioni watu wakirudi makwao umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia, friji inajaribu kuwaka inashindwa. Inalia tik, inanyamaza, inalia tena, mpaka waya za ndani zinaanza kunuka. Mota ikikosa volti haipumziki; huvuta ampea nyingi zaidi na kujichoma yenyewe. Umeme wa majumbani unapaswa kuwa volti 230, lakini kwa muuza samaki mmoja mita yangu ilisoma 170. Hiyo ni shida ya laini ndefu za mtaani na transfoma zilizozidiwa, upepo haumo. Ila anayejua hasara ya muuza samaki yule hawezi kuzungumzia gridi akataja megawati tu.

Volti za gridi hushikiliwa na kile wahandisi wanachokiita riaktivu, ile sehemu ya umeme inayojenga usumaku ndani ya mota na transfoma. Haisafirishiki vizuri. Ukiituma mamia ya kilomita, nyingi inapotelea njiani, kwa hiyo ni lazima itengenezwe karibu na watumiaji. Dar es Salaam inaipata kwa sehemu kubwa kutoka mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo: jenereta ikiwa inazunguka, opereta huongeza au kupunguza usumaku wa rota, ile sehemu inayozunguka ndani yake, na volti zinafuata. Sasa fikiria usiku ambao upepo unavuma sana Singida, na mitambo ya gesi inazimwa ili kuokoa gesi. Nani atashika volti za Dar, karibu kilomita 700 kutoka huko? Benki za kapasita, yaani makundi ya vifaa vinavyotoa riaktivu papo hapo, na vifaa vingine vya kurekebisha volti kwenye vituo vya jiji hili vipangiwe bajeti pamoja na mitambo ya upepo, visisubiri.

Na volti zikizidi nako ni hatari, maana laini ndefu yenye mzigo mdogo hupandisha volti yenyewe. Jirani zetu wa Kenya wana mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310, ambayo umeme wake unafikishwa kituo cha Suswa, upande wa Nairobi, kwa laini ya zaidi ya kilomita 400. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi yao iliingia gizani. Kenya Power, shirika lao la kusambaza umeme, ilitaja kupotea kwa umeme wa Turkana. Wenye mitambo wakajibu kwamba volti za gridi zilizidi, na mitambo ikajizima ili isiharibike. Yeyote aliye sahihi, gridi yao na yetu sasa zimeunganishwa kwa laini ya kilovolti 400 inayofika Singida penyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kisa cha Australia Kusini, Septemba 28, 2016. Dhoruba iliangusha nguzo kubwa, volti zikashuka mara kadhaa ndani ya dakika mbili. Mashamba kadhaa ya upepo yalikuwa yamepangiwa kustahimili idadi fulani tu ya mishuko hiyo, na opereta wa gridi hakuwa na habari. Megawati 456 zikapotea ndani ya sekunde 7 na jimbo zima likazimika. Kilichohitajika baadaye kwenye mitambo hiyo kilikuwa kubadili mpangilio wa kompyuta.

Mitambo ya kisasa ya upepo, kwa kuwa umeme wake unapitia inveta, vifaa vya kielektroniki vinavyougeuza kabla haujaingia kwenye gridi, inaweza kutoa riaktivu au kuimeza, baadhi hata upepo ukitulia. Basi mkataba udai hivyo kwa maandishi, pamoja na muda ambao mitambo itabaki kwenye laini volti zikiyumba. Wahandisi wa TANESCO wapime wenyewe hapohapo Singida kabla ya malipo ya kwanza, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ichapishe matokeo ili na sisi wa mitaani tuyasome.

Fundi friji,
Tabata, Dar es Salaam