Samaki walioza, friza ilikosa nini?

Bwana Mhariri,

Naandika kuhusu friza ya mama mdogo wangu, ambaye anauza samaki wa barafu aina ya tomsoni katika soko la Kenya, ile Kenya yetu ya hapa Lubumbashi. Mwezi uliopita umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Siku ya tatu watu wa usafi wakapita kukagua, wakafungua mfuniko, harufu ikawapokea. Wakachukua makartoni sita. Hapo sina neno. Mama alikuwa ameshaanza kuwatia chumvi ili awaanike, nami nilimwambia waziwazi kwamba samaki hao wangetuletea msiba. Kolera tunaijua mji huu.

Kisha wakapakia na friza.

Tangu siku hiyo mama anazunguka. Ofisi ya kwanza walimwambia friza imeshakuwa ya Leta, yaani ya serikali. Ya pili wakamwambia alipe makuta (pesa), aondoke nayo. Sasa, kama ni ya Leta, nani anaiuza? Na kama bado ni ya mama, analipia nini? Alichopewa mkononi ni kipande cha karatasi kisicho na muhuri wala jina, kimeandikwa kiasi na namba ya simu.

Kukamata mali ni kitu kimoja, kuitaifisha ni kingine. Kitu kilichokamatwa kinawekwa kando, kinangoja. OPJ, yaani afisa wa polisi ya mahakama, anaweza kukikamata palepale sokoni, lakini sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, inamtaka aandike PV, yaani karatasi rasmi, inayoeleza vitu alivyochukua, na aliyekuwa navyo atie sahihi; akikataa, iandikwe kwamba amekataa. Kutaifisha ni adhabu, na adhabu inatoka kwa hakimu. Kanuni ya Adhabu, kitabu cha kwanza, kifungu cha 14, inaruhusu kuchukuliwa kwa vitu vilivyotumika katika kosa, ikiwa ni mali ya mtu aliyehukumiwa. Mama hajahukumiwa na mtu. Hata parke, ofisi ya waendesha mashtaka, hawajamwita. Tena Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema hakuna atakayekamatiwa mali yake ila kwa uamuzi wa mamlaka ya kimahakama yenye uwezo huo.

Najua nitajibiwa kwamba afya ya watu haingoji tribinali. Ni kweli, na ndiyo maana samaki hatuwadai. Mwaka 2014 na 2015 kule Ituri, watu walimeza vidonge vilivyoitwa diazepamu, dawa ya kutuliza, kumbe ndani ni haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Shingo na nyuso zikawapinda hata madaktari wakadhani kwanza ni homa ya uti wa mgongo. Dawa za namna hiyo ziteketezwe haraka. Lakini hata hizo zihesabiwe, zichomwe mbele ya mashahidi, na karatasi ibaki. Bila karatasi, nani atajua kipi kiliungua na kipi kilirudi sokoni kwa mlango wa nyuma?

Friza haiozi. Ingeweza kuoshwa kwa maji ya klorini na kubaki palepale, au kufungwa kwa muhuri mpaka kesi isikilizwe. Kuipeleka depo hakukumlinda mlaji hata mmoja.

Naomba wakubwa wa huduma hiyo wabandike kwenye ukuta wa soko, kwa Kiswahili, nani ana ruhusa ya kuchukua mali, karatasi gani lazima aiache, na vitu vinawekwa wapi. Akina mama wanaouza pale wengi hawasomi Kifaransa, na wachukuaji wanalijua hilo vizuri sana.

Kwa sasa mama anahifadhi samaki wake katika friza ya jirani, analipa kwa kila kartoni, kila siku. Mpira wa mfuniko umechakaa, haufungi sawasawa. Wakirudi kukagua, wataanzia hapo.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi