Barua ya wazi kwa wauguzi na watoa dawa wanaoanza kazi

Wanangu wauguzi, watoa dawa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii,

Nawaandikia nikiwa nimekwisha kuvua sare, baada ya miaka 34 ya uuguzi ambayo sehemu yake kubwa niliitumia katika zahanati na vituo vya afya vya Bonde la Kilombero, Tanzania. Nasikia mkilalamika kwamba wagonjwa wa siku hizi wanaziamini sauti zinazorushwa WhatsApp kuliko maneno yenu, na kwamba kila mmoja anafika na tiba yake kichwani, huyu limao la kuondoa saratani, yule kitunguu saumu cha kushusha presha. Malalamiko hayo nayaelewa, ila uvumi niliukuta kazini miaka mingi kabla simu hazijafika kijijini.

Chukueni degedege. Wengi waliamini kwamba ni shetani anayekuja kwa umbo la ndege, akapita usiku wa mbalamwezi na kumwangushia mtoto kivuli chake, na kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Nikiwa bado mgeni kazini, aliletwa mtoto aliyekuwa akitetemeka na kukakamaa, mkononi ana hirizi. Nilimfokea mama yake mbele ya watu, nikaikata hirizi kwa mkasi wa bandeji, nikamwambia anaua mtoto kwa ujinga wake. Nilipokwenda kuandaa dawa na kurudi, kitanda kilikuwa kitupu. Sikumwona tena yule mama, na mpaka leo sijui mtoto aliishia wapi.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba wale kina mama hawakuwa wakibuni. Mtoto mwenye malaria kali alipelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa siku mbili, na siku ya tatu ndipo akafikishwa kwetu akiwa hajitambui. Tukamchoma kwinini, na jioni akafariki. Mama aliona sindano, kisha akaona maiti. Uvumi wa namna hii una macho, na ukiukejeli unamwambia mtu kwamba hakuona alichokiona. Tulirudia kosa lile lile wakati wa Korona, watu walipoikataa oksijeni wakisema anayewekewa haponi, kwa sababu majirani waliokuwa wamewekewa ni wale waliofikishwa hospitali pumzi zikiwa zimekwisha.

Siku nilipobadilisha maneno, mambo yalibadilika. Nilimwambia mama mmoja, "Unaogopa sindano kwa sababu umeona watoto wakifa baada ya kuchomwa. Hata mimi nimewaona. Wale walifika siku ya tatu, wako amefika leo asubuhi, na degedege lake linatokana na malaria iliyopanda kichwani." Akanitazama kwa muda, kisha akamgeuza mtoto ili nimchome.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Loliondo. Mliokuwa wadogo mtakuwa mmesimuliwa: mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikafika kilomita kadhaa. Walikwenda maskini na mawaziri. Wako waliotolewa vitandani hospitalini wakafia njiani, na wako walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV). Mimi sikuwa na lolote la kusema juu ya imani ya mzee yule, lakini jambo moja lilinisumbua. Maelekezo yake yalikuwa mafupi kiasi kwamba hata mtoto angeyakariri: kikombe kimoja, mara moja, bei moja kwa wote. Sisi mgonjwa wa kisukari tulikuwa tukimpa bahasha yenye maandishi ya "1x2" na kuita jina linalofuata.

Niwaeleze kuhusu hizo bahasha, maana hapo ndipo nimeona watu wengi wakipotea. "1x2" wewe unaisoma kimoja mara mbili kwa siku, lakini nimekutana na mzee aliyekuwa akimeza viwili kwa mpigo kila asubuhi, kwa kuwa shuleni alifundishwa kwamba moja mara mbili ni mbili. Mwingine aliandikiwa "kila baada ya saa 8", naye kwa uaminifu kabisa akawa anameza kidonge kila siku ifikapo saa nane mchana, kimoja tu, mpaka kidonda kikatoa usaha. Tunaposema majibu ni chanya, yaani ugonjwa umeonekana, wapo wanaofurahi, kwani chanya katika maneno ya kila siku ni jambo jema. Na neno lililoniumiza kuliko yote ni lile tunalowaambia wanaoendelea vizuri na ARV, kwamba virusi havionekani kwenye kipimo. Kijana mmoja alilisikia, akashukuru Mungu, akaacha dawa. Alirudi baada ya miezi akiwa na kifua kikuu. Tangu hapo nikawa nasema kwamba virusi vimelala, kinachovilaza ni dawa, na siku dawa ikikosekana vinaamka. Huenda daktari bingwa akalitia kasoro neno langu, lakini hakuna aliyelielewa vibaya.

Kuhusu ujumbe wa simu sina mengi. Mgonjwa akikuonyesha, usome mpaka mwisho kabla hujasema kitu, kisha muulize nani kautuma na kama mtumaji anauza chochote. Mara nyingi chini kabisa kuna namba ya kuagizia dawa, na mwenyewe ataiona. Wazazi wakikuuliza kama chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa nchini tangu mwaka 2018, inafunga kizazi cha binti, usiwajibu kwa "serikali imesema". Waeleze kwamba inamkinga dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani hiyo, na kwamba ni saratani hiyo, pamoja na upasuaji na mionzi yake, inayoweza kumwondolea mwanamke kizazi.

Najua mtaniambia kwamba foleni ni ndefu, muuguzi ni mmoja, na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anataka takwimu kabla ya saa kumi. Ni kweli, nami nilikuwa hivyo. Ninachowaomba ni kuacha swali la "umeelewa?", ambalo kila mgonjwa hulijibu "ndiyo" kwa adabu, na badala yake kumwomba akuambie mwenyewe atakavyofanya akifika nyumbani. Swali hilo lichukulieni kuwa linawapima ninyi mlivyoeleza, na mgonjwa aambiwe hivyo, asije akajiona yuko kwenye mtihani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilimpa bibi mmoja dawa ya mseto ya malaria ya mjukuu wake, vidonge sita, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu. Nilieleza vizuri, kwa maoni yangu, naye alitikisa kichwa kila niliposimama. Nikamwambia, "Bibi, hebu niambie utakavyompa, nijue kama nimesema sawasawa." Akajibu bila kusita, "Nitampa leo na kesho, homa ikishuka hivi viwili nitamwekea mdogo wake, naye alikuwa na joto jana." Nikavuta kiti, tukaanza upya, na yule mdogo akaletwa mchana huo huo kupimwa.

Mama yenu, muuguzi mstaafu.