Mzee kawekewa betri ya moyo, je maikrowevu itoke ndani?

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Mikindani, anasema fundi njoo uchukue hii maikrowevu utupe bei yoyote, baba mkwe karudi kutoka Dar kawekewa betri ya moyo (pacemaker, kile kifaa kidogo cha kuusaidia moyo upige) na jirani kamwambia akikaa nyumba moja na hiyo kitu betri itazima. Nimefika nakuta maikrowevu iko barazani imefunikwa kanga, mzee mwenyewe kakaa kule chini ya mkorosho. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, tukaongea sana, na nikaona haya mambo niyaandike kabisa maana maswali ya mionzi hapa kwetu Chikongola, Mtwara, hayaishi.

Mionzi ya maikrowevu ni mawimbi ya redio, ukoo mmoja na ya simu na Wi-Fi. Yanatoka kwenye kitu kinaitwa magnetroni, kwa megahezi 2450 hivi, ndo maana kuna nyumba ukipasha chakula Wi-Fi inakatakata. Sio kama eksirei. Eksirei ina nguvu ya kuharibu vinasaba ndani ya mwili, hii haina nguvu hiyo, kazi yake ni kuyatikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka yachemke. Ukizima imeisha, kama unavyozima taa na mwanga hausalii chumbani, kwahiyo samaki uliyempasha hana mionzi yoyote, mle tu.

Shida ni kwamba na sisi miili yetu ni maji. Mawimbi yakivuja kwa wingi yanapasha nyama ya mtu vilevile, tena yanapita ngozi yanaingia ndani, unaweza kuungua kabla hujasikia vizuri maumivu. Jicho ndo linaloumia zaidi kwasababu lenzi yake haina mishipa ya damu ya kuondoa lile joto, likizidi inaingia ukungu, yaani mtoto wa jicho. Na wanaume, korodani nazo hazipendi joto. Ila nasema yakivuja kwa wingi. Kiwango kinachokubalika ni miliwati 5 kwa sentimita moja ya mraba, unapima sentimita 5 kutoka mlangoni, na maikrowevu nzima huwa iko chini sana ya hapo. Alafu ukirudi nyuma hatua moja tu kinachokufikia ni kidogo mno, nusu mita inabaki kama sehemu moja ya mia.

Sasa hii betri ya moyo. Ya kwanza kabisa kuwekwa ndani ya mtu ilikuwa Sweden mwaka 1958, na zile za zamani zilikuwa zinasumbuliwa kweli na mawimbi, ndo zamani huko nje walikuwa wanabandika matangazo ya onyo kwenye migahawa yenye maikrowevu. Kile kifaa kinausikiliza umeme wa moyo, ambao ni mdogo sana, moyo ukichelewa kupiga chenyewe kinausukuma. Kikisikia kelele za umeme kutoka nje kinaweza kudhani moyo unapiga wakati haupigi, kikanyamaza. Hapo ndo hatari ilipo. Lakini za siku hizi zimefungwa ndani ya kasha la titani na zina vichujio vya kuzuia kelele hizo, na watengenezaji wake wenyewe wanaruhusu maikrowevu, sharti iwe nzima.

Nilichomwambia mzee ahangaike nacho ni vitu vingine. Simu usiweke mfuko wa kifuani, iwe sentimita 15 mbali na kifaa, ongelea sikio la upande mwingine. Spika kubwa zina sumaku, usizibebe kifuani. Na haya majiko ya induction, yanayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, yanayoingia kwa wingi sasa, hayo ndo ya kuangalia kuliko maikrowevu, kaa kama sentimita 60 toka lilipo linapowaka. Kuchomelea vyuma usiguse mpaka umuulize daktari wako, na ile kadi ya kifaa waliyokupa hospitali tembea nayo.

Nimesema maikrowevu nzima, na huku kwetu hapo ndo pana kazi. Upepo wa bahari una chumvi, maikrowevu ya Shangani au Mikindani miaka michache tu bawaba ya chini ya mlango inaliwa na kutu, mlango unalegea haukai sawasawa. Mlango ukicheza, kioo kikipasuka, wavu wa ndani ukitoboka, acha kuitumia hata kama inapasha vizuri.

Na kuna kitu kinaniuma sana. Mwezi wa tatu nililetewa moja ambayo fundi wa kwanza alizifunga waya swichi za mlango moja kwa moja, ikawa inawaka mlango ukiwa wazi, na nyumbani pale kuna watoto. Mle ndani kwa kawaida kuna swichi tatu, mbili zinakata umeme ukifungua mlango, ya tatu inazichunga hizo mbili, zikishindwa inaikata fyuzi makusudi. Kwahiyo fyuzi ikikatika kila ukifungua mlango usikubali mtu akuwekee waya mnene badala yake, hiyo fyuzi inakuambia swichi zimekufa. Sisi kuruka swichi hatufanyi, hata mteja akiomba, hata akisema ni ya siku mbili tu.

Usifungue kava mwenyewe pia. Mle kuna kapasita ya zaidi ya volti 2000, inaweza kubaki na chaji hata umeshachomoa, na imeshaua watu.

Watu wengi wanapima mvujo kwa kuingiza simu ndani na kuipigia, ikiita wanasema inavuja. Hicho sio kipimo, mtandao wa simu unahitaji mawimbi kidogo mno kuita. Sisi tuna kifaa chenyewe, tunapitisha kuzunguka mlango mzima huku kikombe cha maji kiko ndani, dakika tano tumemaliza, na kupima hatuchaji.

Ya mzee tuliichukua, bawaba imebadilishwa, imepimwa na Jumamosi imerudi jikoni. Wenye mtu wa betri ya moyo nyumbani tupigieni, kwa Mikindani na Naliendele tunakuja wenyewe.