YAH: Ubao wa theluji mliofunga kinyume, na jibu nililopewa mbele ya mwanangu

Aurora, Colorado
28 Januari 2025

Ndugu Meneja,

Salamu. Simu mliyoahidi nimeingoja siku tisa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mlangoni mmebandika kwamba mnahudumia kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho hicho nilidharauliwa.

Ubao ni ule wa kutelezea kwenye theluji, wa sentimita 149, wenye pande zisizolingana, niliolipia dola 549 tarehe 11. Fundi wenu alifunga vifungio vya buti nyuma mbele. Ubao huu ncha zake zinafanana, kingo zake hazifanani: ukingo wa kisigino umechongwa kuingia ndani zaidi, kwa kuwa kifundo cha mguu hakikunjiki kwa nyuma kama kinavyokunjika kwa mbele, na kona ya kisigino (kugeuka kwa kuelemea visigino) ndiyo ngumu. Kwa hilo tu niliuacha ubao wa kawaida. Ninyi mkaweka vidole vyangu kwenye ukingo wa kisigino! Mlimani Breckenridge, Jumamosi ya tarehe 18, kona za kisigino ubao ulichelewa kugeuka, kona za vidole ukakata ghafla kuliko nilivyouelemea. Nimeanguka mara nne. Mkono bado umevimba.

Jumapili nikaurudisha. Kijana wa kaunta hakuutazama hata kidogo. "Dada, huu ni pacha, ncha zote mbili sawa, ukigeuza ni ule ule." Nikamwonyesha maandishi yaliyochapishwa ubavuni. Akacheka, akasema kwa sauti, "Mambo ya theluji tuwaachie wenyewe, sisi watu wa jua." Mwanangu wa miaka kumi alikuwa pembeni yangu ameshika kofia yangu.

Sera yenu ya marejesho mnaijua, sitaikariri. Halafu siku ya kununua (hili nilipaswa kulianza) nilimuuliza fundi mara mbili kama ameangalia ukingo upi ni upi, akasema ameangalia.

Narudia, msije mkapita haraka. Nimesimama na ubao mkononi, mkono mwingine umefungwa bendeji, foleni nyuma yangu, na mtu anayezungumza lugha ya mama yangu ananiambia mlima si wangu. Nina misimu mitano kwenye theluji. Mwanangu alielewa kila neno. Garini aliniuliza kama kweli haturuhusiwi.

Siku ile ningeridhika mkifunga upya. Sasa sitaki. Nataka dola 549 zote, na gharama ya tiketi ya lifti ya kupandia mlimani ya tarehe 18. Nataka pia barua ya kuomba radhi, iliyotiwa saini na meneja, si kijana wa kaunta, na iandikwe kwa Kiswahili ili mwanangu aisome mwenyewe.

Mwisho ni Ijumaa, 7 Februari. Jumatatu yake nafungua shauri la madai madogo kaunti ya Arapahoe, na malalamiko haya haya nayapeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Risiti ninayo, na picha za vifungio nilizipiga kabla sijaugusa.

Wenu,
Mteja