Simile! Harambee ya watoto wetu wasiosikia

Assalamu alaikum ndugu zetu wa Amu, mlio nyumbani na mlio mbali.

Kila aliyekulia mitaa hii anaijua "simile", ukelele wa mwenye punda wa kuomba njia. Kichochoro cha Mkomani hakiwatoshi punda wawili, kwa hiyo ukiisikia unajibanza ukutani. Mwezi uliopita mtoto wa miaka sita, wa mzazi mwenzetu, alikuwa amechutama akichora chini kwa kipande cha mkaa. Mwenye punda wa mchanga alipiga simile mara tatu. Mtoto hakugeuka. Alhamdulillah alichubuka goti tu. Aliyelia zaidi ni mwenye punda.

Kikundi chetu cha wazazi wa watoto wasiosikia kina familia tisa. Nyumba moja ya Pate ina watoto watatu wasiosikia, na baba na mama masikio yao mazima. Mama yao ameambiwa mengi: hasadi, jini, alikula nini akiwa na mimba. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Kama si jini, huenda ni jeni." Tulicheka, lakini hapo ndipo tulipoanzia. Jeni ni chembe ya urithi, na mzazi anaweza kubeba nakala yake moja mbovu asijue maisha yake yote. Mtoto akirithi mbovu kutoka pande zote mbili, huzaliwa hasikii. Si kila mtoto ni hivyo. Wengine ni homa ya uti wa mgongo, wengine sindano ya gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, iliyowaokoa uchangani.

Ndani ya sikio mna kitu kilichojikunja kama konokono, na humo seli zenye vinyweleo kama 15,000 hivi. Zikifa hazioti tena. Zimo ndani ya mfupa, na daktari hawezi kukata kipande cha sikio la mtoto aliye hai akakitazame. Ndiyo maana watafiti huanza na damu ya mkono. Mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Japani na wenzake waligeuza seli za ngozi ya mtu mzima zikarudia hali ya uchanga, na siku hizi hata za damu hufanywa hivyo. Seli hizo huongozwa ndani ya kisahani ziwe kama za sikio, na urithi wake ni uleule wa mtoto aliyetolewa damu. Hapo huonekana zinakwama wapi, na dawa hujaribiwa kwenye kisahani, si kwa mtoto.

Tuseme ukweli mapema: safari yetu ya Mombasa ya kutoa damu haitamponya mtoto yeyote. Watafiti wamekubali kupokea damu ya familia zetu bila malipo. Fomu yao ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza tupu, tukairudisha. Sasa iko kwa Kiswahili, na mzazi akibadili nia anaruhusiwa kujitoa.

Tunachokosa ni nauli, malazi ya siku mbili Mombasa na ada ya kupima usikivu: watu 26, shilingi 310,000. Tumeshachanga 84,000, nyingine zimetokana na mikate ya sinia ya kina mama.

Tukutane Mkunguni, mbele ya Ngome, Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Usiyeweza kufika, mpe mzazi yeyote wa kikundi, atakuandikia risiti. Nauli ya wenzetu wa Pate ndiyo ya haraka: boti yao inaondoka Jumamosi alfajiri maji yakiwa yamejaa, maana yakishakupwa mkondo wa Mkanda haupitiki.